Karanga zenye ukungu na kansa ya ini

Juma hili tuongee juu ya ini, na tuanzie kwenye kinu chetu.

Tukichagua karanga, zile nzuri tunaziuza nzima. Zile zilizokunjamana au kushika ukungu, wengi wetu hatuzitupi. Tunazikaanga na kuzisaga, maana katika unga mnunuzi haoni kitu. Siku nyingine watoto wetu wenyewe ndio wanaozila katika sombe. Hatufanyi hivyo kwa roho mbaya, ni maisha magumu. Lakini tujue kilichomo.

Mwaka 1960, huko Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa. Wachunguzi walitafuta ugonjwa wakaukosa, kisha wakapima chakula chao: kilikuwa na karanga zilizosagwa zenye ukungu. Sumu ya ukungu huo ikaitwa aflatoksini. Inaharibu ini na kuleta kansa. Moto wa jikoni hauimalizi, na kusaga kunaieneza katika unga wote.

Adui wa pili ni virusi vya hepatiti B. Vinapita katika damu, katika tendo la ndoa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Mtu anaweza kukaa navyo miaka mingi bila kusikia maumivu.

Katika mji wa Shanghai, Uchina, wataalamu walifuata maisha ya wanaume zaidi ya 18,000. Wenye aflatoksini mwilini walikuwa na hatari ya kansa ya ini kama mara 3 kuliko wasio nayo. Wenye virusi, kama mara 7. Wenye vyote viwili, karibu mara 60!

Kansa hii ikigunduliwa mapema, daktari anaweza kukata sehemu yenye ugonjwa. Dawa mpya zipo pia, lakini ni za bei kali. Kwetu wagonjwa wengi wanafika hospitali tumbo limekwisha kujaa maji.

Kwa hiyo tukinge. Taiwan ilianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984, na baadaye kansa ya ini kwa watoto wa miaka 6 mpaka 14 ilipungua karibu nusu. Hapa Kongo chanjo ya hepatiti B imo katika sindano za majuma 6, 10 na 14. Tusikose hata moja. Mwenye mimba aombe kupimwa hepatiti B kwenye CPN. Akiwa na virusi, daktari ataangalia namna ya kumlinda mtoto.

Na karanga? Tuzianike juu ya mkeka au shitingi, si chini kwenye udongo. Tuziweke mahali pakavu. Zenye ukungu tuzitupe, hata kuku tusiwape. Kutupa kopo moja la karanga kunauma, tunajua, hasa wakati ada ya shule inangoja. Lakini tusiuzie jirani kile tusichotaka mtoto wetu ale.

Kwenye mkutano ujao, kila mama mwenye mtoto mdogo alete fishi yake ya CPS. Tutaziangalia pamoja, sindano kwa sindano.