Mathe anapanda ndege? Hivi ndivyo utakavyompatia bima bila kufilisika

DADA yako amejifungua kule Minnesota na anataka mama aende amsaidie kulea mtoto kwa miezi mitatu. Ama kaka yako anahitimu chuo kikuu nchini Ujerumani, na mzee ameapa kwamba siku hiyo ataiona kwa macho yake. Viza inashughulikiwa, tikiti inasakwa, sanduku limeanza kujazwa unga wa wimbi na majani chai. Kisha mtu kwenye kundi la familia la WhatsApp anauliza: "Na bima je?" Kundi zima linanyamaza.

Mara nyingi kazi hiyo humwangukia kijana aliyebaki nyumbani, yaani wewe. Unaingia mtandaoni, unaandika mwaka wa kuzaliwa wa mama, na bei inaruka mbele ya macho yako. Bima ambayo wewe ungeipata kwa hela za kawaida sasa ni mara mbili au tatu. Unajiambia, "Si ni miezi mitatu tu? Mungu atamlinda."

Mungu atamlinda, sawa. Lakini hospitali italeta bili.

Kwa nini usipuuze

Marekani haimlazimishi mgeni wa viza ya matembezi kuwa na bima. Hilo ndilo huwapoteza wengi, wakidhani kisicholazimishwa hakihitajiki. Mgeni haingii kwenye Medicare, mpango wa serikali ya huko wa kuwatibu wazee. Akianguka bafuni akavunjika nyonga, upasuaji na siku chache za kulazwa vinaweza kufika makumi ya maelfu ya dola. Deni hilo litamwangukia yeye, na kwa hali halisi litakuwa lenu nyote.

Uingereza nayo haidai bima kwa mgeni wa matembezi. Matibabu ya ndani ya kitengo cha dharura hayalipishwi, lakini akishalazwa wodini hesabu inaanza. Mgeni asiye na kinga hutozwa asilimia 150 ya gharama ambayo huduma ya afya ya nchi hiyo, NHS, hujiwekea. Deni la pauni 500 au zaidi lisipolipwa kwa miezi miwili, taarifa zake zinaweza kufikishwa kwa idara ya uhamiaji, na mzazi akanyimwa viza siku nyingine.

Usitegemee SHA katika hili. Mpango huo uliochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024 haukuundwa kumlipia mtu aliyeugua ghafla akiwa matembezini ughaibuni.

Na kuna jambo ambalo hatupendi kulitamka. Mzazi akifariki ng'ambo, kuusafirisha mwili hadi nyumbani ni gharama kubwa. Umeona harambee hizo kwenye simu yako: nambari ya malipo, picha ya marehemu, mwili ukisubiri mochari ya nchi ya watu wiki baada ya wiki huku familia ikihesabu michango. Bima nzuri ya safari huwa na kipengele cha kurejesha mwili. Kitafute kwenye mkataba.

Jua kwanza nchi inadai nini

Usinunue kitu kabla ya kujua masharti ya unakompeleka mzazi.

Kwa nchi 29 za Schengen, zikiwemo Ujerumani, Ufaransa, Uholanzi na Italia, bima ni lazima wakati wa kuomba viza. Kiwango cha chini ni yuro 30,000. Inafaa kulipia matibabu ya dharura, kulazwa, kurejeshwa nyumbani kwa sababu za kiafya, na gharama za kifo. Ni sharti ifanye kazi katika nchi zote hizo kwa siku zote za ziara. Kabla ya kulipa, uliza kama utarudishiwa pesa viza ikikataliwa, na jibu lije kwa maandishi.

Kanada ina viza maalumu ya wazazi na mababu wa watu wanaoishi huko, inayojulikana kama super visa. Mzazi anaweza kukaa hadi miaka mitano kwa ziara moja. Lakini lazima aonyeshe bima ya matibabu ya angalau dola 100,000 za Kanada inayodumu mwaka mmoja tangu aingie. Makadirio ya bei kutoka kwa wakala hayatoshi, wanataka ushahidi kwamba umelipia. Uliza kama unaweza kulipa kwa awamu.

Umri ndio mwiba

Kampuni za bima hupanga bei kwa makundi ya umri. Nyingi hupandisha mzazi akishapita miaka 65, kisha tena katika miaka ya sabini, na akikaribia 80 baadhi hukataa kabisa. Kampuni hazikati makundi hayo mahali pamoja, na hapo ndipo mwanya wako ulipo. Mama wa miaka 71 anaweza kuwa kundi ghali kwa kampuni moja na bado yuko kundi la chini kwa nyingine. Kwa hivyo usikubali bei ya kwanza. Tafuta tatu au nne, na kwa kila moja uliza: "Mnabadilisha bei katika umri gani, na mnahesabu umri wa siku ya kununua ama wa siku ya kusafiri?" Kama siku ya kuzaliwa iko karibu, jibu hilo linaweza kukuokolea maelfu.

Presha, sukari na ukweli

Wazazi wetu wengi wana presha, kisukari, arthritisi au moyo unaosumbua. Bima nyingi za safari hazilipii ugonjwa ambao mtu alikuwa nao kabla ya kununua. Nyingine hulipia pale tu ugonjwa huo wa zamani unapozuka ghafla bila dalili, tena kwa kiwango kidogo, na baadhi huondoa hata hicho mzazi akipita umri fulani.

Hapa kuna mtego mkubwa. Kwenye fomu kuna swali kuhusu afya. Ukijaza "hana ugonjwa wowote" ili bei ishuke, umenunua karatasi tupu. Siku ya dai, kampuni itaomba rekodi za hospitali. Ikikuta mzee amekuwa akimeza dawa za presha kwa miaka minane, ina haki ya kukataa kulipa. Heri ulipe zaidi kidogo kwa ukweli kuliko ulipe kidogo kwa uongo usiokusaidia.

Shida nyingine ni kwamba wazazi wenyewe huficha. Ukimuuliza mama anakwambia, "Mimi niko sawa, mwanangu," kumbe ana vidonge vya aina tatu kwenye droo. Kaa naye. Mweleze kwamba humchunguzi bali unataka atibiwe vizuri akiwa mbali. Kisha mpeleke kwa daktari wake, apimwe, na mchukue barua inayoeleza hali yake na majina halisi ya dawa zake. Barua hiyo itawafaa kwa bima, kwenye forodha, na kwa daktari wa ng'ambo asiyemjua.

Tena, kama safari yenyewe ni ya matibabu, tuseme anaenda India kufanyiwa upasuaji, bima ya kawaida ya safari haitalipia upasuaji huo. Usiinunue ukidhani itabeba mzigo huo.

Bei ya chini ambayo si nafuu

Kwa Marekani hasa, utakutana na aina mbili za bima za wageni. Ya kwanza hulipa kiasi maalumu kwa kila huduma. Ya pili hulipa bili halisi hadi kikomo, baada ya wewe kutoa sehemu yako ya kwanza. Aina ya kwanza huwa rahisi, na wengi huikimbilia.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme mzee amelazwa usiku tatu, bili ni dola 20,000. Bima ya kiasi maalumu inalipa dola 1,500 kwa kila usiku. Hizo ni 4,500, nanyi mnabaki na deni la dola 15,500. Bima ya pili inakutaka utoe dola 500 za kwanza, kisha yenyewe inalipa asilimia 80 ya dola 5,000 zinazofuata na zote zinazobaki. Hapo mnatoa 500 na 1,000, jumla dola 1,500. Tofauti ni dola 14,000, na huenda ada za bima hizo mbili zilipishana kwa dola mia chache tu.

Kwa hivyo unapolinganisha, angalia mambo manne pamoja: ada, kikomo cha malipo, kiasi mnachojilipia wenyewe, na magonjwa yaliyoachwa nje. Bei pekee haikwambii lolote.

Njia halali za kupunguza gharama

• Nunua siku kamili za safari. Usilipie siku 90 kama mama anakaa 45. Lakini weka siku moja au mbili za ziada kwa ajili ya ndege kuchelewa.

• Kubali kujilipia kiasi kikubwa zaidi cha kwanza. Ada hushuka. Fanya hivyo tu kama familia inaweza kukitoa kiasi hicho siku hiyohiyo.

• Acha madoido. Kinga ya mizigo iliyopotea au michezo ya theluji si ya lazima kwa mtu anayeenda kubeba mjukuu. Matibabu na kurejeshwa nyumbani ndivyo vya msingi.

• Linganisha bima ya hapa na ya kule. Ndugu aliye ng'ambo atafute bei huko nawe utafute Nairobi au Mombasa. Msisubiri mzazi afike aanze kukohoa ndipo mnunue, maana ugonjwa ulioanza kabla ya bima haulipiwi.

• Uliza kazini na benki. Baadhi ya kadi za benki huja na bima ya safari, na baadhi ya waajiri huruhusu kuongeza wazazi. Soma kikomo cha umri kabla ya kushangilia.

• Gawaneni. Ada inayomlemea mtu mmoja huwa nyepesi kwa ndugu wanne. Ni rahisi kuomba kila mmoja mchango mdogo sasa kuliko kuitisha harambee baadaye.

Kabla ya kutuma pesa

Hakikisha kampuni au wakala ana leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, ambayo orodha yake iko mtandaoni. Anayekuharakisha utume pesa kwa nambari yake binafsi, mkimbie. Lipa kwa akaunti ya kampuni, upate risiti na cheti chenye jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Herufi moja ikikosewa, ubalozi unaweza kukurudisha. Na ukidhulumiwa kwenye dai, IRA hupokea malalamishi.

Omba mkataba wote, si kijikaratasi cha matangazo, kisha anza na sehemu ya mambo yasiyolipiwa. Usipoelewa, piga simu uulize. Ni haki yako.

Siku ya kuondoka

Cheti kikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na dawa za kutosha, zikiwa kwenye pakiti zake za asili. Dawa zisiingie kwenye sanduku linaloweza kupotea. Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York huchukua takriban saa 15, na mguu wa mzee usiosogezwa muda huo wote unaweza kuganda damu. Mwambie ainuke atembee kila baada ya muda na anywe maji.

Mwisho, chukua karatasi uandike kwa herufi kubwa: jina la bima, nambari ya mkataba, nambari ya simu ya dharura, magonjwa yake na dawa zake. Bima nyingi hutaka zipigiwe simu haraka mgonjwa anapolazwa, la sivyo dai hupunguzwa. Mpe mama nakala moja, mtumie dada nyingine, nawe ubaki na yako. Kisha mketishe mama umfundishe kwa lugha anayoielewa: "Ukijisikia vibaya, usivumilie kwa kuogopa gharama. Sema mapema. Tumeshalipia."