Kwa Nini Moyo Hutulia Baada ya Sala

Hana alikula chakula kabla hajapata mtoto. Wengi tunaposoma kitabu cha kwanza cha Samweli tunakimbilia mwisho wa habari, pale mtoto anapozaliwa, tukaipita sehemu ambayo mimi naiona kuwa ya ajabu zaidi. Mwanamke huyu alikuwa amesusa chakula kwa uchungu, mke mwenzake akimchokoza mwaka hadi mwaka kwa sababu ya utasa. Akaenda kusali Shilo. Alisali kwa muda mrefu, midomo ikicheza bila sauti, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Alipomaliza akajibiwa kwa neno la baraka tu. Mimba ilikuwa bado, na mke mwenza alikuwa anamngoja pale pale. Lakini Hana aliondoka, akala, na huzuni ikawa imemtoka usoni.

Unafuu huo unaotangulia jibu ni jambo ambalo Wakristo wengi wamelionja. Mtu anaingia chumbani na deni, anatoka na deni lile lile, ila kifua kimekuwa chepesi. Kwa muda wa karibu nusu karne sasa wanasayansi wamekuwa wakijaribu kuupima. Herbert Benson, daktari wa Harvard, alieleza mwaka 1975 katika kitabu chake The Relaxation Response kwamba mtu anayerudia neno au sala fupi kwa utulivu hupunguza mapigo ya moyo na kasi ya kupumua, kinyume kabisa cha hali ya mwili unapokabiliwa na hatari. Tangu hapo vipimo vimezidi kuwa makini, na kinachojitokeza ni kwamba unafuu wa sala hauna mlango mmoja. Mmoja ni wa pumzi. Mwingine ni wa maneno. Wa tatu, ambao kwa maoni yangu ndio mkubwa, ni wa yule anayesikiliza.

Tuanze na pumzi. Mwaka 2001 jarida la tiba la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, na wenzake. Watu wazima 23 wenye afya njema walifungwa vifaa vya kupima pumzi, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, kisha wakasali rozari. Salamu Maria ilisaliwa kwa Kilatini kwa mtindo wa kupokezana, mmoja akianza na mwingine akiitikia. Pumzi zao, ambazo kabla ya hapo zilikuwa kama 14 kwa dakika, zilishuka hadi karibu sita. Katika sala hiyo hakuna aliyeambiwa apumue polepole. Sala yenyewe ndiyo iliyowapangia.

Sita kwa dakika maana yake ni pumzi moja kila sekunde kumi, na hapo ndipo penye siri. Shinikizo la damu yetu halitulii mahali pamoja. Hupanda na kushuka kidogo kidogo, kwa mzunguko wa karibu sekunde kumi, hata tukiwa tumelala. Katika mshipa mkubwa wa shingo na ule unaotoka moyoni kuna vihisi vinavyofuatilia mabadiliko hayo na kupeleka taarifa kwenye ubongo, nao ubongo unaurudisha moyo kwenye mwendo unaofaa kwa kupitia neva ya vagasi. Pumzi ikienda sambamba na mzunguko huo, mfumo mzima hupata nguvu, kama bembea inayosukumwa kila inapofika kwa anayesukuma. Kwa watu wale wa Bernardi kipimo cha uwezo wa mfumo huo kuurekebisha moyo kilipanda kutoka wastani wa 9.5 hadi 11.5. Neva ya vagasi ndiyo inayoupoza mwili baada ya taharuki, na inapofanya kazi vizuri moyo haubaki ukienda mbio baada ya hofu kupita.

Aliyewahi kukaa katika jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo jioni ya Oktoba, mwezi wa rozari, ameliona jambo hili bila mashine. Viti vya plastiki vimepangwa uani, wengine wako kwenye mkeka, mtoto amesinzia mapajani. Mama anayeongoza anashika punje kati ya kidole gumba na cha shahada. Anasema nusu ya Salamu Maria mfululizo, na anapofika mwisho pumzi yake imekwisha. Wenzake wanaipokea. Wao wanapotoa pumzi kwa maneno, yeye anavuta yake. Akianza tena, wao wanavuta zao. Kundi zima linapumua kwa zamu. Mwanzoni mtaa unasikika wote, bodaboda, redio ya jirani, mbwa. Kufikia fumbo la tatu sauti zimeshuka, mabega yamelegea, na hata mwenye kikohozi amenyamaza. Tuseme wazi pia kwamba rozari inayokimbizwa ili watu wawahi chakula haina mwendo huo. Maneno ni yale yale, ila pumzi inakatwa vipande vipande.

Bernardi na wenzake hawakuficha kwamba mantra ya Kibudha iliyorudiwa kwa namna hiyo ilileta matokeo yanayofanana. Sioni sababu ya Mkristo kufadhaika kwa hilo. Mapafu na moyo ni vya wanadamu wote, na Mungu aliyetuumba hakuwapa Wakristo neva ya peke yao. Pumzi tulivu huandaa mahali. Kinachofanyika mahali hapo ndicho kinachofuata.

Mlango wa pili ni wa maneno. Hana hakukariri. Aliimimina roho yake. Kwa Wakristo wengi wa Afrika Mashariki maombi ndivyo yalivyo: mtu anataja jambo kwa jina lake, ada ya mtoto, mume asiyerudi nyumbani, uvimbe uliogunduliwa wiki jana. Kutaja ni tiba kwa namna yake. Mwaka 2007 Matthew Lieberman wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alionyesha kwamba mtu akiangalia sura yenye hasira au hofu na kuipatia hisia hiyo jina, amigdala yake inapunguza kelele. Amigdala ni kijisehemu cha ubongo kinachopiga kengele ya hatari. Wakati huo huo sehemu ya mbele ya ubongo, inayotumika kufikiri na kujizuia, inaongeza kazi. Kabla ya hapo, mwaka 1986, James Pennebaker na Sandra Beall walikuwa wamewaomba wanafunzi waandike kwa dakika 15, siku nne mfululizo. Walioandika juu ya machungu yao pamoja na hisia zao walihuzunika siku ile ile ya kuandika. Lakini katika miezi iliyofuata walienda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida.

Nasisitiza hilo la kuhuzunika kwanza, kwa sababu wapo wanaodhani sala nzuri ni ile inayoanza na kuisha kwa furaha. Zaburi zinasema vingine. Kati ya zile 150, zilizo nyingi kuliko aina nyingine yoyote ni za maombolezo, na ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani bila hata mstari mmoja wa faraja. Waliozipanga hawakuiondoa. Walijua kwamba mtu anayeruhusiwa kumwambia Mungu ukweli ameshapata nusu ya nafuu, na kwamba shukrani inayokuja baada ya hapo inakuwa ya kweli.

Eneo letu lina ushahidi wake. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, ulijulikana kwa wimbo wa Tukutendereza Yesu na kwa desturi iliyoitwa kutembea nuruni. Ndugu walikutana katika vikundi vidogo, wakaungama makosa yao mbele ya wenzao, wakasali, wakaimba. Furaha yao ilikuwa ya waziwazi kiasi cha kuwashangaza hata wamisionari. Nikiisoma historia hiyo sambamba na kazi ya Pennebaker, sioni vitu viwili. Siri ina uzito, na mwili ndio unaoibeba.

Hasira nayo ina sala yake. Ryan Bremner, Sander Koole na Brad Bushman walichapisha mwaka 2011 majaribio ambamo watu walitukanwa kwanza kuhusu insha walizoandika, yaani walichokozwa makusudi. Kisha baadhi waliambiwa wamwombee mgonjwa wa saratani, na wengine wamfikirie tu. Walioomba walibaki na hasira ndogo kuliko waliofikiri. Kumwombea mtu mwingine kulizima moto ambao kumwaza hakukuuzima.

Sasa mlango wa tatu. Huko Aarhus, Denmark, Uffe Schjødt na wenzake waliwaweka Wakristo 20 wenye bidii ya kusali ndani ya mashine ya MRI inayoonyesha sehemu za ubongo zinazofanya kazi. Waliombwa kusali Baba Yetu, kusali kwa maneno yao wenyewe, kukariri shairi la watoto, na pia kupeleka maombi yao kwa Baba Krismasi, yule mzee wa hadithi mwenye ndevu nyeupe. Katika matokeo ya mwaka 2008, sala iliamsha sehemu iitwayo kaudeti, iliyo katika mfumo wa dopamini, kemikali inayohusika na kutarajia jambo jema. Matokeo ya mwaka 2009 yalikwenda mbali zaidi. Sala ya maneno ya mtu mwenyewe iliamsha zile sehemu tunazotumia tunapoongea na mwenzetu na kukadiria anawaza nini, anajisikiaje, atajibu nini. Baba Krismasi hakuziamsha namna hiyo.

Watu hawa, basi, hawakuwa wakisema hewani, wala hawakuwa wakijifurahisha kwa kiumbe cha kufikirika. Kwa ubongo wao, yalikuwa mazungumzo. Mashine haiwezi kuonyesha nani yuko upande wa pili, na hiyo si kazi yake. Mimi ni Mkristo, na ninaamini ninayeongea naye yupo. Asiyeamini atasoma picha hizo hizo kwa namna yake. Ila hata yeye hawezi kusema kwamba sala ya moyoni ni sawa na kukariri shairi.

Kama sala ni mazungumzo, basi sura ya unayezungumza naye haiwezi kuwa jambo dogo. Christopher Ellison na wenzake, katika utafiti wa Wamarekani uliotoka mwaka 2014, waliona kwamba waliosali kwa Mungu waliyemwona kuwa wa karibu na wa kutegemewa walikuwa na dalili chache za wasiwasi. Waliosali huku wakimwona yuko mbali, haeleweki au hajali, kwao sala iliambatana na wasiwasi mwingi zaidi. Kenneth Pargament naye aliwafuatilia wagonjwa 596 wa hospitali wenye umri wa miaka 55 na kuendelea kwa karibu miaka miwili, akachapisha matokeo mwaka 2001. Waliojiona wameachwa na Mungu, walioutilia shaka upendo wake, au walioamini kuwa shetani ndiye aliyewaletea ugonjwa, walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 19 hadi 28. Ningependa kila mhubiri azisome namba hizo kabla ya kupanda mimbarani. Anayejenga imani ya waumini juu ya hofu peke yake anawapa sala inayowachosha.

Kuna jambo sayansi haikulipata, nalo lisemwe. Mwaka 2006 Benson na wenzake walitangaza matokeo ya wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo katika hospitali sita za Marekani. Walioombewa na watu wasiowajua, bila kuwa na uhakika kama wanaombewa, walipata matatizo baada ya upasuaji kwa asilimia 52. Wasioombewa, asilimia 51. Walioambiwa kwa uhakika kwamba wanaombewa walifikia asilimia 59. Sioni hapo hukumu dhidi ya maombezi, kwa maana Mungu hapangiwi zamu ya maabara. Naona kwamba kinachopimika vizuri ni kile kinachotokea ndani ya anayesali.

Na kinatokea polepole. Phillippa Lally wa London aliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya ndogo, kama kunywa maji baada ya kifungua kinywa. Kwa wastani ilichukua siku 66 tabia kujiendesha yenyewe. Kwa wengine ilichukua siku 18, na wengine wangehitaji 254. Wote walikuwa wameifunga tabia hiyo na jambo linalotokea kila siku, na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kanisa limelijua hilo kwa uzoefu tangu zamani: kengele ya Malaika wa Bwana saa sita mchana, sala kabla ya chakula, masifu ya asubuhi. Anayeanza leo asijipangie kesha la usiku kucha. Achague kitu asichokosa kukifanya, kuwasha jiko, kukaa kwenye kiti cha daladala, kufunga mlango wa duka, aweke hapo dakika tano. Apumue polepole, amwambie Mungu ukweli wa siku hiyo, ashukuru kwa jambo moja analoweza kulitaja. Akikosa Jumanne, aendelee Jumatano.

Neno langu la mwisho ni kwa mapadre, wachungaji, makatekista na viongozi wa vikundi vya maombi. Sala ni msaada mkubwa kwa aliyechoka, ila sonona ni ugonjwa. Mtu akikaa wiki mbili huku huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kumemshika karibu siku nzima, hapati usingizi wa kutosha, hali chakula, au, hata kabla ya wiki hizo, akizungumza habari ya kutaka kufa, msimwambie imani yake ni haba. Mwombeeni, kisha mmoja wenu amsindikize hospitali siku hiyo hiyo na kukaa naye foleni. Akiandikiwa dawa, asiziache mpaka daktari aseme.