Kambi ya sayansi mikokoni: mlezi asiwe mwepesi wa kujibu

Likizo ya Agosti ikikaribia, wazazi huuliza watoto wafanyiwe nini wasishinde kwenye simu. Sisi watu wa Pwani tuna maabara isiyo na mlango: mikoko. Pale Gazi, Kwale, wanakijiji wanaitunza na kuuza hewa ya kaboni kupitia mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013. Lakini mtoto aweza kupita hapo kila siku asijue mti ule unaishije katika maji ya chumvi.

Ndipo kazi ya mlezi wa kambi inapoanza, na wengi tunaikosea. Mimi mwenyewe, mara ya kwanza kutembea na watoto, nilihubiri nusu saa nzima. Wakapiga miayo. Siku ya pili nikanyamaza, nikawaambia kila mmoja achume jani la mchu alirambe. "Chumvi!" Maswali yakaja yenyewe. Mchu huitoa chumvi kupitia majani. Mkoko huizuia sehemu kubwa mizizini. Wape watoto majani ya miti yote miwili, waonje, wakisie sababu. Akikosea mmoja, usimcheke. Muulize tu: "Tutajuaje?"

Habari ya maji kujaa na kupwa ndiyo tamu zaidi, maana wazee nyumbani wanaijua. Mtume mtoto akamuulize babu yake mvuvi bamvua huja lini. Atarudi na jibu: mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Sasa mchoree mchangani jua, mwezi na dunia katika mstari mmoja, jua na mwezi vikivuta maji pamoja. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo haielekei pamoja, na hayo ndiyo maji mafu. Chomekeni kijiti chenye alama za sentimita, msome kila nusu saa. Kesho yake watagundua maji yamechelewa kama dakika 50.

Ila mlezi asome jedwali la maji kabla ya kutoka. Wakati wa bamvua bahari yetu hupanda na kushuka karibu mita 4, na hori hujaa upesi kuliko miguu ya mtoto topeni. Wahesabu wakiingia, wahesabu wakitoka. Wavae viatu, chaza hukata.

Na wasichana wasiachwe nyuma kupika chai huku wavulana wakipima maji. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na kijiti kile kinashikwa na mkono wowote.