Uongozi wa Shule Usomewe Kabla ya Kukabidhiwa Ofisi

Mwalimu anapoteuliwa kuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, au mkuu wa shule ya sekondari, hutoka siku hiyohiyo katika kazi aliyoisomea na kuingia katika kazi ambayo mara nyingi hakuisomea. Jana alikuwa na chaki na andalio la somo. Leo amekabidhiwa funguo za ofisi, vitabu vya hesabu, walimu wenzake, kamati ya shule, wazazi na mamia ya watoto. Badiliko hilo kubwa huletwa na barua moja tu ya uteuzi.

Tunalisema hili tukizitazama hasa wilaya za Karatu na Ngorongoro, ambako kuongoza shule ni kazi nzito kuliko wengi wanavyodhani. Kufundisha vizuri ni sifa kubwa, lakini si ushahidi wa kutosha kwamba mtu ataongoza vizuri. Uongozi wa shule nao ni taaluma, na taaluma husomwa.

Nchi yetu haikosi mahali pa kuisomea. Upo Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, huko Bagamoyo, uliorithi mwaka 2001 kazi ya iliyokuwa MANTEP. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa shahada ya uzamili katika uongozi na utawala wa elimu. Jirani yetu Moshi kuna Chuo Kikuu Katoliki cha Mwenge. Aidha, Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, humwezesha mwalimu kusoma bila kukiacha kituo chake cha kazi.

Haja ya masomo hayo imeongezeka kwa sababu kazi yenyewe imeongezeka. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, fedha za uendeshaji zilianza kutumwa moja kwa moja katika akaunti za shule. Ruzuku ilikadiriwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi na shilingi 25,000 kwa wa sekondari, sehemu yake ikitengwa kwa vitabu. Serikali ikaanza pia kuwalipa walimu wakuu posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi, na wakuu wa sekondari shilingi 250,000. Hilo lilikuwa jambo la haki. Lakini posho humlipa mtu kwa mzigo alioubeba; haimfundishi namna ya kuubeba.

Ukaja mwaka 2021. Serikali ilijenga vyumba vya madarasa 15,000 kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, kila chumba kikitengewa shilingi milioni 20, na kazi ikafanywa na mafundi wa kawaida chini ya usimamizi wa shule zenyewe. Walimu waliosomea Kiswahili au Baiolojia walijikuta wakihesabu mifuko ya saruji, wakilinganisha bei za nondo na kuandika taarifa za matumizi. Anayekosea katika mambo hayo kwa kutojua huweza kuandamwa sawasawa na aliyekosea kwa wizi.

Tuitazame sasa hali ya kwetu. Katika bonde la Eyasi, upande wa Mang'ola, mashamba ya vitunguu huwavuta watoto kutoka madarasani wakati wa kazi nyingi. Bonde hilohilo lina watoto wa Wahadzabe, ambao wazee wao wameishi kwa uwindaji, asali na matunda ya porini, na ambao hawawezi kuzoeshwa shule kwa kiboko na kengele peke yake. Wilayani Ngorongoro, ukame ukizidi, mifugo huhama, na wavulana huifuata. Tangu Juni 2022 ziko pia familia zilizohama kutoka Hifadhi kwenda Msomera, wilayani Handeni, na kila familia iliyohama ilikuwa na watoto wa kufuatiliwa katika madaftari ya shule.

Juu ya hayo kuna sheria. Tangu mwaka 2016, anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Tangu Novemba 2021, msichana aliyekatiza masomo kwa kujifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Anayetakiwa kuyatekeleza hayo kijijini, mbele ya wazee wanaomheshimu na kumtazama, ni mkuu wa shule. Akiwa hajui sheria, au hajui kuzungumza na jamii, anayepotea ni yule binti.

Tunatoa basi mapendekezo matatu. Kwanza, halmashauri zetu ziwatambue mapema walimu wenye dalili za uongozi, na ziwapeleke kusoma kabla ya kuwateua. Asomaye akiwa tayari amekalia kiti husoma huku shule ikimsubiri.

Pili, masomo yasogezwe. Kutoka Loliondo hadi Arusha mjini ni zaidi ya kilomita 300, na si haki mwalimu wa huko ashindwe kusoma kwa sababu ya nauli. Vyuo vinavyofundisha kwa njia huria vikutanishe wanafunzi wao Karatu na Wasso wakati wa likizo, na halmashauri zichangie ada kwa makubaliano kwamba mhitimu atatumikia shule za wilaya kwa miaka kadhaa. Tunajua wapo wanaoitafuta shahada ya uzamili iwe ngazi ya kukimbilia ofisini mijini. Makubaliano hayo yatawapunguza.

Tatu, utafiti wa mhitimu usiishie katika rafu za chuo. Mwalimu aliyechunguza utoro wa wakati wa mavuno au maisha ya mabweni ya wafugaji apeleke nakala kwa Afisa Elimu wa Wilaya, na isomwe katika kikao cha wakuu wa shule.

Hatusemi kwamba shahada peke yake humfanya mtu kiongozi. Wapo walimu wakuu wa siku nyingi, wenye cheti tu, ambao vijiji vizima vinawashukuru. Hao wasibezwe, waitwe wawafundishe wenzao. Lakini hatuwezi kuziachia bahati shule zote zilizobaki. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa elimu iliyoharibika hujengwa kwa gharama ya watoto ambao utoto wao haurudi tena.