Imekatwa au Imekatika? Kitenzi "Kata" na Visawe Vyake

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, kuna vitenzi vya Kiingereza vinavyoundwa kwa neno la msingi pamoja na kijineno kinachofuata. Kimojawapo ni "cut off". Kitenzi hiki hutumika kwa barabara, simu, maji, mkono, usemi na hata urafiki. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiingereza huandika "kata" kila mahali, kisha akashangaa anapopoteza alama. Makala haya yanaeleza kwamba kazi inayofanywa na kijineno hicho, katika Kiswahili hufanywa na mnyambuliko wa kitenzi, au na neno jingine kabisa.

Kabla ya kuandika, jiulize maswali matatu: Je, kuna mtendaji? Je, kuna aliyeathirika? Je, jambo limekoma kabisa au limesimama kwa muda tu?

1. Mnyambuliko

Tuanze na mfano tunaoujua sisi wakazi wa Garsen. Mnamo Novemba 2023, wakati wa mvua za El Nino, mto Tana ulifurika na maji yakafunika barabara ya Garsen kuelekea Lamu katika eneo la Gamba. Abiria walisema, "Barabara imekatika." Hawakusema "imekatwa", kwa maana hapakuwa na mtu aliyeshika jembe akaichimba. Zingatia kauli zifuatazo:

(a) Kutendeka: Simu imekatika. (Mtandao umepotea; hatumlaumu mtu.)
(b) Kutenda: Amekata simu. (Ameamua kumaliza mazungumzo.)
(c) Kutendea: Amenikatia simu. (Amefanya hivyo kwangu, nami nimeudhika.)
(d) Kutendwa: Maji yamekatwa. (Kuna aliyeyafunga, pengine kwa sababu ya deni.)
(e) Kutendewa: Tumekatiwa maji. (Sisi ndio tulioathirika.)

Kauli ya kutendesha huzaa maumbo mawili yenye kazi tofauti. "Katiza" ni kusimamisha jambo linaloendelea: Mvua ilikatiza mchezo. "Katisha" huandamana sana na tamaa: Matokeo yalimkatisha tamaa.

Tanbihi: Usichanganye kitenzi "katika" na kihusishi "katika". Katika sentensi "Kamba ilikatika katika kisima", la kwanza ni kitenzi na la pili ni kihusishi.

2. Visawe hutegemea muktadha

Visawe havibadilishani nafasi kila mahali. Ikiwa ni kijiji kilichozungukwa na mafuriko, "kijiji kimekatwa" ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Sema kimezingirwa na maji, kimetengwa na vijiji vingine, au hakifikiki. Wasafiri nao wamekwama. Ikiwa ni msaada wa chakula, sema umesitishwa, umesimamishwa au umekomeshwa. "Sitishwa" huacha tumaini kwamba utarejea, ilhali "komeshwa" hufunga mlango. Ikiwa ni umeme, umekatika. Katika mazungumzo ya kawaida hapa Kenya husikika "stima zimepotea". Usemi huo unafaa katika mazungumzo ya wahusika kwenye insha, si katika barua rasmi.

3. Mtego wa nahau

Hapa ndipo tafsiri ya neno kwa neno huleta aibu. Mtu akiingilia maneno ya mwenzake, amemkatiza au amemkata kalima. Ukiandika "mgonjwa alikata kauli", msomaji ataelewa kwamba alishindwa kusema, yu karibu kufa. Kwa mzima, kukata kauli ni kufikia uamuzi, sawa na kukata shauri. Jirani aliyeacha kukutembelea amekata mguu, hakuna aliyejeruhiwa.

4. Katika uhakiki wa fasihi

Chukua kisa cha Fumo Liyongo, shujaa ambaye masimulizi humhusisha na eneo letu la mlango wa mto Tana, kuanzia Ozi hadi Kipini. Alipofungwa gerezani, mamake alimpelekea tupa iliyofichwa ndani ya mkate. Mtahiniwa akiandika "minyororo ilikatika, Liyongo akatoroka", amesimulia kweli lakini amemnyang'anya shujaa ushujaa wake. Akiandika "Liyongo aliikata minyororo kwa tupa aliyoletewa", ametoa hoja mbili za sifa za wahusika: ujasiri wa mwana na werevu wa mama. Katika Karatasi ya Tatu, sifa ya mhusika hutokana na matendo yake. Kauli ya kutendeka humficha mtendaji.

5. Kwa nini jambo hili ni zito

Usidhani ni suala la alama peke yake. Katika delta ya Tana, wafugaji hufikisha mifugo mtoni kupitia njia ziitwazo malka, nazo hupita kando ya mashamba. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano baina ya Wapokomo na Waorma. Ardhi, malisho na maji yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyogombaniwa. Katika mahali kama hapa, anayesema "njia ya malka imekatika" na anayesema "imekatwa" hawasemi jambo moja. Wa kwanza anataja hali, na huenda mto wenyewe umehama mkondo. Wa pili anashtaki. Iwapo njia imezibwa na mtu, kusema "imekatika" ni kuficha ukweli; iwapo ni mafuriko, kusema "imekatwa" ni kumsingizia jirani. Mfunze mwanafunzi wako kuchagua kiambishi kwa uangalifu, maana kesho ndiye atakayeandika kumbukumbu za kikao cha wazee au ripoti ya chifu.

Zoezi

Sahihisha au ujaze kwa umbo mwafaka la "kata", au kisawe chake:

1. Daraja li_______ usiku kutokana na mafuriko.
2. "Usini_______ ninapozungumza," mwalimu alisema.
3. Kijiji cha Chara kimekatwa na maji. (Sahihisha)
4. Tofautisha: (i) Ng'ombe amekata kamba. (ii) Kamba ya ng'ombe imekatika. (iii) Kamba ya ng'ombe imekatwa.

Katika swali la nne, mwambie mwanafunzi aeleze ni sentensi ipi inayomtuma mwenye ng'ombe kumtafuta mwizi, na kwa nini. Akiweza kueleza hilo, mnyambuliko ameuelewa.