Umenunua gari la spoti? Soma ubavu wa tairi kabla ya kupakia familia

Novemba 30, 2013, mwigizaji wa filamu za Fast & Furious, Paul Walker, alifariki dunia kwa ajali ya gari huko Santa Clarita, California, nchini Marekani. Alikuwa abiria ndani ya Porsche Carrera GT, gari la spoti lililokuwa likiendeshwa na rafiki yake, ambaye naye alifariki. Wachunguzi walitaja mwendo kuwa chanzo: gari lilikuwa likienda kati ya kilomita 130 na 150 kwa saa, mahali ambapo mwisho ni kilomita 72.

Lakini kwenye ripoti yao kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuzungumzwa sana vijiweni. Matairi ya gari hilo yalikuwa na umri wa miaka tisa.

Habari hiyo inatuhusu. Katika familia nyingi za mjini leo kuna kijana, au baba mwenyewe, aliyejinyima miaka kadhaa mpaka akaagiza Subaru Impreza WRX, Toyota Altezza au gari jingine la aina hiyo kutoka Japani. Gari hilo hilo ndilo linalopeleka watoto shule Jumatatu, na mwisho wa mwezi linakwenda Morogoro au Moshi likiwa limejaa watu na mizigo. Fedha za kwanza huenda kwenye muziki, tinti ya vioo na bomba la moshi lenye mngurumo. Matairi husubiri hadi yawe kipara.

Mpangilio huo unapaswa kugeuzwa. Gari zima, lenye uzito wa takriban tani moja na nusu, linagusa barabara kwa sehemu nne tu, kila moja ikiwa na ukubwa unaokaribia kiganja cha mkono. Breki nzuri na injini yenye nguvu hufanya kazi kupitia viganja hivyo vinne. Na karibu kila unachohitaji kujua kuhusu tairi kimeandikwa ubavuni mwake. Dakika tano dukani zinatosha kukisoma.

Matairi ya theluji kwenye jua la Dar

Jambo la kwanza kwa aliyepokea gari kutoka Japani ni kujua limekuja na matairi ya msimu gani. Japani ina maeneo yenye theluji nyingi, kama Hokkaido upande wa kaskazini, na madereva wengi wa huko wana seti mbili za matairi: za majira ya joto na za majira ya baridi. Gari linaweza kupanda meli likiwa bado na zile za baridi.

Zamani madereva wa maeneo hayo walitumia matairi yenye misumari midogo ya chuma. Misumari hiyo ilikwangua lami na kutimua vumbi, na katika miaka ya 1980 wakazi wa miji kama Sendai walilalamikia afya zao. Mwaka 1990 Japani ilipitisha sheria ya kuzuia vumbi hilo. Misumari ikaachwa, na nafasi yake ikachukuliwa na matairi ya mpira laini sana, ambayo huandikwa STUDLESS ubavuni.

Ulaini huo ndio dawa ya barafu. Mpira wa tairi la baridi umetengenezwa ubaki laini joto likishuka chini ya nyuzi 7. Tairi la majira ya joto ni kinyume chake: mpira wake hukakamaa kwenye baridi kali, lakini kwenye lami yenye joto hushika vizuri na kubaki imara. Kwetu ukanda wa pwani, lami ya saa saba mchana hupita nyuzi 50. Hapo tairi la theluji hulegea. Gari huyumba kidogo kwenye kona, breki huchukua umbali mrefu zaidi, na kashata, yaani zile alama zilizochongwa juu ya tairi, huisha haraka.

Utalitambuaje? Tafuta neno STUDLESS au SNOW, au alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Angalia pia kashata zenyewe: za theluji zina mikato mingi myembamba, kana kwamba mtu alipitisha wembe. Majina kama Blizzak la Bridgestone, iceGUARD la Yokohama na Winter Maxx la Dunlop ni ya matairi ya baridi. Ukiyakuta kwenye gari lako, hata kama yanaonekana mapya, panga kuyabadilisha. Muuzaji akikwambia "kashata bado nene kabisa," anasema kweli, ila hajajibu swali lako.

Tairi nalo lina tarehe

Nyumbani tumezoea kuangalia tarehe kwenye dawa ya mtoto na kwenye pakiti ya maziwa. Tairi nalo lina tarehe, ingawa ni ya kutengenezwa. Tafuta herufi DOT ubavuni, kisha fuata mpaka kwenye tarakimu nne za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 3523 lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2023. Kama upande mmoja hauna tarakimu hizo, angalia upande wa pili. Zikiwa tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000. Usilifunge.

Mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Hewa na joto huukausha, nyufa ndogo huanza, na nyingine huwa ndani ambako macho hayafiki. Watengenezaji kadhaa wanashauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na liondolewe likifika miaka 10 hata kama kashata zipo. Wapo watengenezaji wa magari wanaosema sita. Kwa gari linaloegeshwa juani kila siku, ni busara kuifuata ile namba ndogo.

Uingereza ililipa gharama kubwa kabla ya kulikubali hili. Septemba 2012, basi lililokuwa likirudisha vijana kutoka kwenye tamasha la muziki lilipasuka tairi la mbele na kugonga mti. Watu watatu walifariki, mmoja wao kijana wa miaka 18. Tairi lile lilikuwa na kashata za kutosha kisheria, lakini lilikuwa na umri wa miaka 19 na zaidi, yaani lilimzidi kijana huyo umri. Mama yake alipiga kampeni kwa miaka mingi, na tangu Februari 2021 sheria ya huko inakataza matairi yaliyozidi miaka 10 kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi.

Ndiyo maana tairi la mtumba linahitaji tahadhari kubwa. Huwezi kujua lilibeba nini, liligonga shimo gani, wala liliwahi kuendeshwa bila upepo mara ngapi. Bei yake ni ndogo kwa sababu mtu mwingine ameshatumia sehemu salama ya maisha yake.

225/45R17 94W maana yake nini?

Chukua mfano wa Subaru Impreza WRX STI ya miaka ya mwanzo ya 2000, ambayo saizi yake ni 225/45R17. Namba 225 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 45 ni urefu wa ubavu, kwamba ni asilimia 45 ya upana huo. R ni aina ya ujenzi wa tairi, radial, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Kinachofuata ndicho wengi hukiruka. Namba 94 ni uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, kilo 670. Namba 91 ni kilo 615. Herufi ya mwisho ni mwendo wa juu ambao tairi linastahimili: Q ni kilomita 160 kwa saa, S 180, T 190, H 210, V 240, W 270 na Y 300. Hakuna anayekwambia ukimbie 270. Herufi hiyo inaonyesha jinsi tairi linavyovumilia joto na misukosuko, na gari la spoti limetengenezwa kwa kutegemea uvumilivu huo. Matairi mengi ya theluji ya Japani yana herufi Q.

Kanuni yake ni nyepesi. Fungua mlango wa dereva, soma kibandiko cha kiwanda, na nunua tairi ambalo namba ya uzito na herufi ya mwendo haziko chini ya zilizoandikwa pale.

Lipi kati ya matairi ya joto?

Hata matairi ya majira ya joto hayafanani. Mengi huandikwa neno TREADWEAR na namba. Namba kubwa, kama 400, ni tairi la kudumu. Namba 200 au chini yake ni mpira unaoshika sana lakini unaoisha mapema, na mengi ya kundi hilo yalitengenezwa kwa kufikiria viwanja vya mashindano. Kijana atalitamani kwa jina lake. Lakini baadhi yake yana mifereji michache ya kupitisha maji, na masika yakianza gari linaweza kuelea juu ya maji badala ya kugusa lami.

Kwa gari linalobeba familia, kigezo cha kwanza kiwe breki kwenye barabara yenye maji. Angalia neno TRACTION: daraja la juu ni AA, kisha A, B na C. Tairi lililoletwa kutoka Ulaya linaweza kuwa na lebo yenye picha ya wingu la mvua na herufi kuanzia A, ambayo ndiyo bora, hadi E. Angalia pia neno TEMPERATURE, linaloonyesha uvumilivu wa joto. Hapo daraja la juu ni A, na kwa hali ya hewa yetu usishuke chini yake.

Fedha haitoshi manne?

Kwa gari linalovuta magurudumu yote manne, kama Impreza WRX, matairi yote yafanane saizi, aina na unene wa kashata. Yakitofautiana, mzunguko wake hutofautiana pia, na mfumo unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma huchoka na kuharibika. Kubadilisha mawili ili kuokoa fedha kunaweza kukuletea gharama kubwa zaidi gereji.

Kwa gari linalovuta magurudumu mawili, unaweza kununua mawili yanayofanana, na watengenezaji wa matairi wanashauri mapya yafungwe nyuma. Nyuma ikiteleza kwenye mvua, gari huzunguka, na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha.

Njia nyingine ya kupunguza gharama ni kuacha rimu kubwa za urembo na kurudi kwenye saizi ya kiwanda. Matairi ya rimu kubwa kwa kawaida ni ghali, na ubavu wake mfupi hauyapendi mashimo yetu. Ila usishuke kupita kiasi: breki za Brembo za STI, kwa mfano, haziingii kwenye rimu ya inchi 16.

Kama fedha bado haijatimia, zungumzeni nyumbani na gari lipumzike na safari ndefu mpaka itimie. Spika mpya zinaweza kungoja.

Baada ya kufunga

Mwambie fundi afanye balansi na alaimenti siku hiyo hiyo. Angalia mshale wa mwelekeo na neno OUTSIDE, vyote vikae panapotakiwa. Kwa kilomita mia chache za mwanzo endesha taratibu, maana uso wa tairi jipya huteleza kidogo.

Pima upepo angalau mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kipimo cha kwenye kibandiko cha mlango. Tairi lenye upepo mdogo hukunjwa ubavu kila linapozunguka, hupata moto, na huo ndio mwanzo wa kupasuka njiani.

Ndani ya mifereji ya kashata kuna vinundu vidogo. Kashata zikifika usawa wake zimebaki milimita 1.6, na tairi limekwisha. Kwa msimu wa mvua, usisubiri ifike huko; badilisha zikibaki milimita tatu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema watu wapatao milioni 1.19 hufariki kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Huo ndio umri wa anayeota gari la spoti na wa wadogo zake wanaokaa kiti cha nyuma. Jioni hii, chukua tochi ya simu, zunguka gari lililoko uani na uziandike tarakimu nne za kila tairi.