Orodha Inayoaminika

Mwaka 1927 Bluma Zeigarnik, aliyekuwa mwanafunzi wa Kurt Lewin mjini Berlin, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu hukumbuka zaidi kazi walizokatizwa katikati kuliko walizozimaliza. Waliorudia majaribio hayo hawakupata jibu moja siku zote. Hata hivyo, kila mwenye shughuli nyingi anaijua hali yenyewe: jambo lisilokwisha humjia mtu usiku wa manane, wakati hana la kulifanyia.

Kwangu, matokeo ya 2011 ndiyo yenye faida zaidi. E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha kwamba si lazima kazi iishe ndipo iache kusumbua. Yatosha mtu apange bayana ataifanya lini na kwa njia gani. Miaka kumi kabla yao, Mmarekani David Allen alikuwa ameshaujenga mfumo wake katika kitabu Getting Things Done: kila kinachokudai kitoke kichwani, kiandikwe, kisha uamue hatua yake inayofuata.

Kwenye hatua ndipo wengi hukwama. Mtu anaandika "bima ya gari" na kuliacha hivyo. Kila akilitazama inambidi afikiri upya, kwa hiyo jicho linaliruka, wiki baada ya wiki, mpaka trafiki amsimamishe. Angeandika: "Kumpigia wakala, kuuliza bima inaisha lini na kuhuisha ni shilingi ngapi," simu hiyo angeipiga hata akiwa kwenye foleni ya benki, kwa sababu kufikiri kulikwisha siku alipoandika.

Ndiyo maana simshauri mtu aanze kwa kuchagua programu ya simu. Daftari la shule linatosha. Linalohitaji kulindwa ni pitio la kila wiki, ambalo Allen mwenyewe analisisitiza sana: kufuta yaliyokwisha, kukata yaliyopitwa na wakati, kuingiza mapya. Orodha isiyopitiwa haiaminiki, na akili ikishaacha kuiamini hurudi kukumbusha kila kitu yenyewe. Wengi wakifika hapo hulilaumu daftari na kununua jingine, nalo likaishia kabatini vilevile. Tafadhali, tenga saa moja Ijumaa mchana, zima simu, upitie mstari kwa mstari. Na kama umeliacha daftari mwezi mzima, usianze jipya. Fungua lilelile, uanze kukata.